Shangazi Anafunga Sanduku

Siku nne kabla ya safari nilimkuta shangazi sebuleni kwake Tanga, sanduku liko wazi juu ya mkeka na halina kitu ndani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Mkononi alikuwa na mizani ya ndoano, ile ndogo inayouzwa kwa ajili ya wasafiri. Amelitundika sanduku tupu na anasoma tarakimu. "Kilo tatu na nusu," alisema. "Tumepewa ishirini na tatu, kwa hiyo tumebakiwa na kumi na tisa na nusu." Mimi nimepanda ndege mara nyingi kuliko yeye, na haikuwahi kunijia akilini kwamba sanduku lenyewe ndilo mzigo wa kwanza.

Shangazi ameshona nguo Ngamiani kwa zaidi ya miaka arobaini: sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, kanzu za Idi. Safari hii ilikuwa ya Istanbul, siku saba, yeye na wenzake wanne wa kikundi cha upatu, baada ya kuweka akiba miaka mitatu. Hawakuwa wanakwenda hija wala umra, na hawakufuata matibabu wala bidhaa za duka. Walitaka kutembea na kuona, basi. Mimi nilitakiwa nifuatane nao kwa sababu ninazijua taratibu za viwanja vya ndege. Nilikwenda kusaidia, nikaishia kukaa kitako siku mbili nikimtazama mtu akifunga sanduku. Tangu hapo naihesabu kazi hiyo kuwa ufundi kamili, kama ushonaji au useremala.

Alianza na daftari la shule, kurasa zimepigwa mistari kwa rula. Kila siku ya safari ilikuwa na ukurasa wake, na kwenye kila ukurasa aliniuliza maswali ambayo nilidhani ni ya udadisi tu. Tutatembea kwa miguu kutoka wapi hadi wapi? Tutavua viatu mara ngapi? Tutapanda chombo? Kunanyesha huko? Nikamwambia Novemba ya Istanbul ina mvua, na joto hucheza kati ya nyuzi tisa na kumi na tano. Akaandika. Nikamwambia jumba la Topkapi hufungwa Jumanne, na lile soko kuu la ndani hufungwa Jumapili. Akaandika, akahamisha siku mbili. Siku ya misikiti ilikuwa na Hagia Sophia, iliyokamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikafanywa msikiti baada ya 1453, ikageuzwa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Halafu Sultan Ahmet. Halafu Süleymaniye ya fundi Sinan, iliyokamilika 1557. Misikiti mitatu kwa siku moja, na wao wataingia kuswali. Shangazi alipiga hesabu ya kuvua na kuvaa, akafikia uamuzi wake wa kwanza: viatu visivyo na kamba wala bizimu, vinavyoingia mguuni kwa kusukuma tu, na soksi jozi tisa. Soksi zilikuwa nyingi kuliko nguo.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Wengi wetu hufungua kabati tukauliza kipi tunakipenda. Yeye aliuliza siku zile saba zitamtaka nini, akazijibu moja moja, na kabati akalifungua mwisho.

Nguo alizochagua zilikuwa chache mno hivi kwamba nilitaka kumbishia. Sketi mbili, blauzi nne, gauni moja refu, mabuibui mawili, sweta moja nene, koti la mvua. Zote zilizunguka rangi moja, bluu nzito, na mitandio mitatu ya kuchangamsha. "Blauzi nne kwa sketi mbili ni mavazi manane," alisema. "Siku ni saba." Kila kitambaa alikifanyia jaribio ambalo mafundi cherehani hulifanya dukani kabla ya kununua: alikikamata ndani ya ngumi, akahesabu hadi kumi, akakiachia, akakitazama. Blauzi moja ya kitani, nzuri sana, ilitoka kwenye ngumi imejikunyata kama karatasi iliyotupwa. Akairudisha kabatini. Nyingine ya kitambaa laini chenye mchanganyiko wa polista ilijinyoosha yenyewe mbele ya macho yetu. Hiyo ikapita.

Sasa nifike kwenye kukunja, kwa kuwa hapo ndipo mkono wa fundi ulipoonekana.

Alilaza lile gauni refu sandukuni, kifua kikiwa katikati na pindo likining'inia nje, mpaka kwenye mkeka. Nikadhani amekosea. Akaweka buibui juu yake, nalo likining'inia upande wa pili. Sketi moja ikaelekea kulia, moja kushoto. Sanduku likawa kama ua lililofunguka, nguo zimemwagika pande zote nne. Katikati akapanga vifuko vya nguo za ndani na soksi, na sweta lililoviringishwa. Kisha akaanza kuzirudisha zile pindo ndani, moja baada ya nyingine, kulia, kushoto, juu, chini, akizifunika juu ya vile vifuko kama mtu anayefunga sambusa. Kila alipofunika alipitisha kiganja kutoka katikati kwenda nje, taratibu, kuondoa hewa na mikunjo midogo. Alipomaliza, kilichobaki kilikuwa furushi moja laini, na hakuna nguo hata moja iliyokuwa imekunjwa ikajilalia.

"Kitambaa hakivunjiki ovyo, mwanangu," alisema. "Kinavunjika pale kinapokunjwa kikavu juu ya chenyewe, halafu kikagandamizwa. Kipe kitu laini cha kukizunguka, hakitakuwa na kona ya kuvunjikia."

Ndivyo ilivyo. Alama ya mkunjo ni nyuzi zilizopindwa kwa ukali na kushindiliwa, na pamba na kitani huishika alama hiyo kuliko sufu au polista. Mkunjo ukiwa wa duara, nyuzi hazipindwi hadi kushindwa. Wako wanaofundisha mbinu hii siku hizi kwa picha na video, na wako wanaofundisha kuviringisha kila kitu. Shangazi hana ushabiki. Fulana na suruali za ndani aliziviringisha, maana hakuna anayejali mikunjo yake na zikiviringishwa huchukua nafasi ndogo. Nguo za kuonekana na watu alizizungusha. Blauzi mbili alizikunja kawaida, lakini ndani ya kila mkunjo aliweka mtandio.

Vile vifuko alivishona mwenyewe kwa mabaki ya vitenge, kila kimoja na kamba yake ya kukaza: chekundu cha nguo za ndani, cha njano cha soksi, cheusi cha nguo chafu, nacho cheusi kiliondoka Tanga kitupu. Anavyo tangu watoto wake walipokuwa wakienda shule za bweni na masanduku ya bati, wakati ambapo mtoto aliyeshindwa kuona soksi zake saa kumi na moja alfajiri alichelewa mstarini. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, majirani walihangaika; yeye hakubadilisha kitu.

Vizito vilikwenda upande wa magurudumu: viatu vya akiba, kifuko cha chaja, kopo la majani ya chai na tangawizi ya unga. Sanduku likisimamishwa, upande ule ndio unakuwa chini. Ukiweka vizito juu, vitashuka njiani na kuzisaga nguo zote, na sanduku litaanguka kila ukiliachia. Magurudumu hayo yenyewe ni jambo la juzijuzi. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku la magurudumu mwaka 1972, la kuburuta kwa mkanda, na hili la kusimama wima lenye mpini wa kuvuta lilitengenezwa na rubani Robert Plath mwaka 1987. Kabla ya hapo mzigo ulikuwa kwenye bega la mtu. Shangazi bado anamfikiria mtu huyo. Nilipomweleza kwamba karibu mashirika yote ya ndege hayapokei sanduku moja linalozidi kilo 32, hata ukiwa tayari kulipia, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kuna mtoto wa mtu analinyanyua," alisema.

Kuhusu doti ya kanga ningeweza kuandika makala nyingine. Hazifiki nusu kilo zote mbili, na nilizihesabia kazi saba katika safari moja. Zilifunika magoti kwenye ndege, zikawa taulo, zikawa vazi la kulalia, zikatandikwa, zikafunga furushi. Lakini kazi iliyonishangaza ni ya usiku. Blauzi nne kwa siku saba maana yake ni kufua, na chumba cha hoteli hakina kamba wala jua. Shangazi alikata kipande cha sabuni ya mche, kidogo kama sanduku la kiberiti. Kule, kila usiku alifua blauzi moja kwenye sinki, akaikamua kidogo, akaitandaza juu ya kanga kavu, akaviringisha vyote pamoja kama mkeka, halafu akapiga magoti juu yake na kulisokota lile furushi kwa mikono miwili. Kanga ilikunywa maji. Blauzi ilitoka na unyevunyevu tu, akaitundika, na alfajiri ilikuwa tayari kuvaliwa.

Begi la mkononi alilipanga kwa kuuliza swali moja: sanduku likipotea, nitaishije siku mbili? Humo ziliingia dawa zake za presha ndani ya pakiti zake za asili pamoja na cheti cha daktari, vidonge vya siku saba na vya siku tano za ziada, nguo za kubadilisha, miwani, hati zote. Pawabenki nayo ikaja huku, kwa kuwa betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye sanduku la kupakiwa tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100, na yake ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74.

Kisha mafuta ya nazi. Sheria ya vimiminika vya mililita 100 kwa kila chupa ilikuja mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji, na tangu hapo wasafiri wengi wameizoea. Shangazi alikuwa na chupa nzuri nyembamba ya kiasi hicho. Akaitazama, akaiweka kando, akachukua kikopo kipana chenye kifuniko cha kusokota. Nikamuuliza kwa nini. "Huko si umesema baridi? Yataganda. Kwenye chupa nitayatoaje?" Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga jambo hilo mtu huliona kwa nadra, labda asubuhi za Julai. Yeye aliliona kutoka kwenye mkeka wake, siku nne kabla, likitokea katika bafu ambalo hajaliona. Asubuhi ya kwanza Istanbul mafuta yalikuwa meupe na magumu, na aliyachota kwa kidole.

Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na baadaye akaingia Constantinople, mji uleule tunaouita Istanbul, anasimulia kwamba alipofika Mogadishu wenyeji walimletea nguo za kuvaa: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho, kilemba. Msafiri wa zama zile alivishwa na mwenyeji wake. Watalii wetu wa leo hawana mwenyeji anayewangojea na joho. Kila faraja watakayoikuta ugenini ni ile waliyojifungia wenyewe nyumbani, na ndiyo maana naipa kazi hii heshima ambayo watu huwapa wapishi wa biriani.

Ninajua gharama ya kutoijua. Miaka michache iliyopita, katika uwanja mmoja wa ndege, sanduku langu lilisoma kilo 29. Mhudumu alinionyesha kando, nami nikalifungua sakafuni mbele ya foleni ndefu. Nilivaa makoti mawili, nikamwachia mtu nisiyemjua jozi ya viatu na mitungi miwili ya achari, nikaingia kwenye ndege nimelowa jasho na nimefedheheka. Kosa halikuwa la mizani wala la mhudumu. Nilikuwa nimefunga usiku wa kuamkia safari, kwa hofu, nikitupia kila kitu nilichoogopa kukikosa. Nilipomsimulia shangazi kisa hicho hakunicheka. Alinipa mizani yake.

Tatizo la umeme alilitatua kwa njia ambayo bado naitumia. Plagi zetu ni za pini tatu za pembe, za Uturuki ni mbili za mviringo. Nguvu ya umeme ni ileile, volti 230. Wenzake walikuwa wameambiwa kila mmoja anunue adapta mbili. Shangazi alinunua moja tu, akaichomekea ekstensheni fupi ya nyumbani yenye matundu matatu. Adapta moja ukutani, na chumba kizima kikawa na umeme wa Tanga.

Tulifika jioni, mvua inanyesha, mtaa una mteremko wa mawe unaorusha magurudumu, hoteli ndogo isiyo na lifti. Wenzake watatu walimwaga masanduku yao kitandani kutafuta sweta. Shangazi alifungua zipu nusu, akaingiza mkono, akatoa koti la mvua, kanga na kandambili. Alivifunga mwisho kwa kuwa vitatakiwa kwanza. Akaangalia saa yake ya mkononi, ambayo hakuigusa, maana tangu 2016 Uturuki inafuata saa sawa na za kwetu mwaka mzima. Akaenda kutia udhu.

Nilisubiri aina yoyote ya upungufu siku zile saba. Tulipanda feri kutoka Eminönü hadi Üsküdar, upepo wa Bosphorus ukapenya hadi mifupani, na mtandio wake mzito ulikuwa kwenye mkoba. Süleymaniye aliingia na kutoka wakati wengine bado wamekaa kwenye ngazi wakifunga kamba. Kitu kimoja tu alichobeba hakukitumia, mwavuli, kwa sababu upepo ule unapindua miavuli na koti lilitosha. Alikiandika kwenye daftari.

Nimeacha makusudi kusimulia theluthi ya tatu ya sanduku. Alipolifunga Tanga, theluthi moja haikuwa na nguo. Lakini nafasi tupu ni mbaya, vitu hutembea na kuvurugika, kwa hiyo aliijaza magazeti ya zamani yaliyofinyangwafinyangwa, yaliyotiwa ndani ya foronya. Mzigo mwepesi, unaojaza, usio na thamani. Mimi nilidhani yatatupwa.

Jumamosi tulikwenda sokoni, Kapalıçarşı, ile bahari ya maduka chini ya paa moja. Alinunua vitambaa, mkebe wa vifungo vya kushonea, na glasi sita za chai zenye kiuno chembamba, nyepesi kama ganda la yai. Usiku aliketi sakafuni na ile foronya. Kila glasi aliijaza soksi moja iliyofuliwa, akaivingirishia gazeti, kurasa mbili mbili, habari za mechi na bei za mahindi, kisha akaifungia ndani ya fulana. Zote sita alizilaza katikati kabisa ya furushi, mbali na kuta za sanduku, akazifunika kwa vitambaa vipya, kisha pindo za nguo, kulia, kushoto, juu, chini. Akapitisha kiganja.

Kwenye kaunta ya kurudi mizani ilisoma 22.4. Glasi zilifika Tanga zote sita nzima, na wiki iliyopita nilikunywa chai ya tangawizi kwa mojawapo.